Majike wa Deosai

Jike wa dubu wa Deosai, Pakistan, huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na wastani wa miaka 8.25. Akishazaa, hupita wastani wa miaka 5.7 kabla hajazaa tena, na kila uzazi humpa mtoto mmoja, mara chache wawili. Watafiti waliopiga wastani wa watoto kwa kila uzazi walipata 1.33. Katika makundi yote ya dubu wa kahawia yaliyowahi kupimwa duniani, hakuna linalozaa taratibu kuliko hili. Kule Sweden dubu wa jamii hiyohiyo huanza kuzaa akiwa na miaka minne au mitano, huangusha watoto wawili au watatu kwa mpigo, na baada ya miaka miwili hivi yuko tayari kuanza upya.

Hebu tupige hesabu. Jike wa Deosai akijaliwa kufika miaka 25, umri mkubwa kwa mnyama wa porini, atakuwa amezaa mara tatu na kupata watoto wanne kwa jumla. Karibu nusu yao watakuwa madume, na si wote watakaofika utu uzima. Jike aliyeishi maisha marefu na salama, aliyekwepa risasi, njaa na maporomoko ya theluji, huacha nyuma yake binti mmoja au wawili wa kushika nafasi yake. Akiuawa akiwa na miaka kumi, uzazi wake ulikuwa mmoja tu, na mtoto wake bado ananyonya au anamfuata nyuma. Aliyefyatua bunduki anaona ameua dubu mmoja, kumbe ameondoa watatu au wanne, na wengi wao bado hawajazaliwa.

Tunapozungumzia wanyama adimu, tumezoea kuuliza wamebaki wangapi. Lazima tuulize. Lakini kwa dubu huyu idadi ya vichwa inaweza kutudanganya kwa miaka mingi, kwa sababu dubu huishi muda mrefu na kundi linaweza kuonekana zima huku limekwisha kukatika mizizi. Swali linalonikaa moyoni ni lingine: majike wazima ni wangapi, na wanapata miaka mingapi ya utulivu mfululizo? Kila nitakalolieleza katika sura hii, kuanzia nyasi anazokula hadi mtego wa wacheza dubu, linarudi kwenye swali hilo.

Deosai ni uwanda wa juu ulioko kaskazini mwa Pakistan, katika eneo la Gilgit-Baltistan, kati ya mji wa Skardu na bonde la Astore. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho anaujua uwanda wa Shira, kwenye mita 3,800 hivi, pale ambapo miti imekwisha na upepo unapita bila kizuizi. Wastani wa mwinuko wa Deosai ni zaidi ya mita 4,100, na eneo lake ni maelfu ya kilomita za mraba za vilima vya mviringo, vijito na majani mafupi. Magharibi unasimama Nanga Parbat, mlima wa mita 8,126. Ziwa Sheosar, ambalo watalii hulipenda kwa maji yake ya buluu, liko mita 4,142 juu ya usawa wa bahari.

Tofauti kubwa na milima yetu ni majira. Kwenye mlima ulio karibu na Ikweta baridi huja usiku na kuondoka asubuhi, mwaka mzima. Deosai iko mbali kaskazini, na baridi yake ikishaingia Novemba haitoki hadi Mei. Theluji hulala juu ya uwanda kwa karibu miezi saba. Barabara hufungwa, wafugaji huteremka mabondeni, na hakuna jani la kuliwa. Kisha, kuanzia Juni, uwanda mzima hulipuka kwa maua, na ifikapo mwisho wa Septemba majani yamekwisha kukauka. Dubu ana miezi mitano, ukinyoosha sana sita, ya kula chakula cha mwaka mzima.

Wengi wetu tulimjua dubu kwa mara ya kwanza kutoka katika Biblia, pale kijana Daudi anapomweleza mfalme Sauli jinsi alivyoua simba na dubu waliovamia kondoo wa baba yake, au kutoka katika vitabu vya watoto vilivyochapishwa ng'ambo. Huyu wa Deosai, dubu wa kahawia wa Himalaya, ni tofauti na dubu wakubwa wa picha za Alaska. Ni mdogo wa umbo, ana nundu ya misuli juu ya mabega, na manyoya yake marefu yana rangi ya mchanga mkavu, ingawa wapo waliokolea hadi kahawia nzito. Wengine wana ukosi mweupe kifuani, na alama hiyo huwasaidia watafiti kumtambua mmojammoja. Mtaalamu wa wanyama Thomas Horsfield alimwingiza katika vitabu vya sayansi mwaka 1826 kwa jina la Ursus arctos isabellinus, na hadi leo ndilo jina lake rasmi. Kucha zake za mbele ni ndefu na zimepinda kidogo tu. Ni kucha za kuchimbia.

Na kuchimba ndiyo kazi yake ya kila siku. Uwanda wa Deosai umejaa mamoti, mnyama wa jamii ya kindi aishiye kwenye mashimo, mnene, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Aliyewaona pimbi wa Mlima Kenya wakiota jua juu ya mawe anaweza kupata picha. Mamoti akimwona adui hupiga mluzi mkali, na koloni zima hutoweka chini ya ardhi. Dubu hana mbio za kumkamata juu ya ardhi. Huenda moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa shimo, hunusa, huzunguka, hunusa mdomo wa pili, kisha huanza kufukua kwa miguu miwili ya mbele, akirusha mabonge ya udongo na mawe nyuma kati ya miguu. Husimama, huingiza kichwa chote ndani, hutulia akisikiliza, hutoka na kuhamia hatua mbili pembeni kuchimba tena. Kazi hiyo yaweza kuchukua muda mrefu, na mara nyingi mamoti hutokea mlango mwingine na kuponea chupuchupu. Bonde ambalo dubu amelipitia hubaki na makovu ya mashimo mapana, na udongo uliogeuzwa huota majani mapya mwaka unaofuata.

Hata hivyo nyama ni bahati. Riziki yake ya uhakika ni majani. Watafiti wameokota kinyesi cha dubu wa Deosai, wakakikausha, wakakipukuchua na kukisoma, na wamekuta nyasi, matete madogo ya majimaji, mimea ya jamii ya karoti, mizizi, pamoja na manyoya ya mamoti na mabaki ya mizoga. Hapa kuna jambo la kusikitisha kidogo kimaumbile. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na vijidudu vya kumsagia nyasi. Dubu ametokana na ukoo wa wala nyama, na utumbo wake umebaki mwepesi, hauna hata kidole tumbo. Nyasi humpitia zikiwa nusu hazijameng'enywa. Ili apate nguvu ya kutosha lazima ale kutwa, asubuhi hadi jioni, akichagua majani machanga yenye protini kabla hayajakomaa. Dubu wa Alaska wana samaki wa kujaza mito. Dubu wa Ulaya wana njugu za misitu na matunda. Deosai haina mti hata mmoja, kwa hiyo haina njugu wala tunda la mti.

Ndiyo maana jike wa Deosai huzaa taratibu. Mwili wake hauruhusu haraka.

Dubu wa kahawia hupandana mwanzoni mwa kiangazi, kati ya Mei na Julai. Yai likisharutubishwa hukua kidogo sana, kisha husimama. Huelea ndani ya tumbo la uzazi kwa miezi, halijajishikiza popote, wakati jike anaendelea kula. Kufikia Novemba, anapoingia pangoni kulala, mwili hufanya uamuzi. Kama amehifadhi mafuta ya kutosha, yai hujishikiza na mimba halisi huanza. Kama kiangazi kilikuwa kibaya, theluji ilichelewa kuyeyuka au iliwahi kurudi, yai hufyonzwa na mwili, na jike hulala peke yake hadi machipuko. Sijui mnyama mwingine ambaye nyasi za Agosti huamua kwa uwazi hivyo kama kutakuwa na mtoto Januari.

Usingizi wenyewe ni jambo la ajabu ambalo madaktari wa binadamu bado wanalichunguza kwa hamu. Kwa miezi mitano au sita dubu hali, hanywi, hakojoi wala hajisaidii. Mapigo ya moyo hushuka chini ya 20 kwa dakika. Joto la mwili, hata hivyo, hushuka nyuzi chache tu, na kwa hiyo akishtuliwa anaweza kuamka na kujitetea. Taka ya urea, ambayo kwa mtu mwenye figo zilizosimama ingekuwa sumu ya kuua, kwake hurudishwa na kutumiwa tena kutengeneza protini, hivyo misuli hainyauki kama ambavyo ingenyauka kwa mgonjwa aliyelazwa muda huo wote. Katikati ya hali hiyo, kwenye Januari au Februari, jike huzaa. Mtoto hana hata nusu kilo, hana macho, karibu hana manyoya. Hujikokota hadi kwenye chuchu na kunyonya maziwa mazito yanayotoka katika mafuta ya mama aliyelala. Jike anayetoka pangoni na mtoto mwezi wa Mei amekonda mno, na nje bado kuna theluji.

Baada ya hapo mama na mtoto hawaachani upesi. Sweden watoto wengi hujitegemea wakiwa na mwaka mmoja na nusu. Deosai hubaki na mama yao wastani wa miaka 4.2, muda mrefu kuliko ilivyowahi kurekodiwa kwa dubu wa kahawia popote. Katika miaka hiyo jike hapandwi. Lakini mtoto anapata mwalimu: bonde lipi huchipua kwanza, koloni lipi la mamoti liko kwenye udongo laini, pango lipi halizibwi na maporomoko. Na watoto wa Deosai, kwa kulinganisha, huishi vizuri. Jike huzaa wachache na kuwalea hadi wakomae. Mkakati huo ulifaa kabisa kwa maelfu ya miaka, mpaka alipoingia mwenye bunduki.

Maofisa wa Kiingereza waliokuwa na kambi zao India walikuwa wakichukua likizo kwenda kuwinda Kashmir na mabonde ya jirani, na ngozi ya dubu ilikuwa zawadi ya kurudi nayo nyumbani. Bunduki zilipozagaa mikononi mwa watu wa kawaida, wafugaji nao walimpiga dubu kwa kuogopea kondoo wao. Mafuta ya dubu yaliuzwa kama dawa ya baridi yabisi, na bado wapo wanaoyatafuta. Kisha kulikuwa na biashara ya watoto wa dubu, ambayo mimi naiona kuwa ya kinyama kupita zote. Wakalandari, watu wa kuhamahama wa tambarare za Punjab na Sindh, walinunua watoto wa dubu wa kuchezeshwa barabarani au wa kupambanishwa na mbwa mbele ya watazamaji. Wengi wao walikuwa dubu weusi wa Asia, lakini wa kahawia pia walichukuliwa. Kumpata mtoto hakukuwezekana bila kumuua mama. Mtoto alitobolewa pua, akapitishwa kamba, akang'olewa meno na kucha. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ilikuwepo tangu mwaka 1890, na haikuzuia kitu mpaka pale watetezi wa wanyama nchini Pakistan walipoamua kuwafuata maimamu na kuwaomba walizungumzie jambo hilo katika hotuba za Ijumaa. Mapambano ya dubu na mbwa yakapungua sana. Mwenye shamba aliyeandaa mapambano hayo, ambaye hakuwahi kuogopa polisi, aliona haya mbele ya majirani waliosikia hotuba ileile.

Mwaka 1993, wanaharakati wa taasisi ya Himalayan Wildlife Foundation walipopita Deosai wakihesabu, waliwapata dubu 19. Kwa uwanda mkubwa namna ile, na kwa mnyama anayezaa kwa mwendo niliouelezea, idadi hiyo ilikuwa ukingoni kabisa. Mwaka huohuo Deosai ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na dubu ndiye aliyekuwa sababu.

Tangazo la serikali peke yake halimlindi mnyama. Afrika Mashariki tunazo hifadhi za kutosha zilizoanza kwa kuwafukuza watu na zikaishia katika ugomvi wa miaka mingi. Deosai walichukua njia nyingine, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye fundisho kubwa kwa watu wa uhifadhi popote walipo. Vijiji vya pembezoni vina haki za malisho za tangu enzi za mababu, na wafugaji wa Kigujjar huleta mbuzi na kondoo wao kila kiangazi kutoka mabonde ya chini. Haki na mahitaji hayo yalitambuliwa. Ulinzi mkali ukawekwa katika sehemu ya katikati, yenye majani mazuri na mamoti wengi, ambako majike hupenda kukaa na watoto wao. Kwingineko ng'ombe na mbuzi waliendelea kula. Wenyeji wakapewa kazi ya ulinzi na kuhesabu. Kwa kuwa dubu wa Deosai hula majani na mamoti zaidi kuliko mifugo, mfugaji aliyeambiwa amwache alikuwa akiombwa jambo linalowezekana.

Muhammad Ali Nawaz, mtafiti wa Pakistan aliyesomea shahada yake ya uzamivu Norway chini ya Jon Swenson, ndiye aliyekusanya na kuchambua takwimu za miaka hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa dubu 19 wa mwaka 1993 walikuwa wamefika 43 mwaka 2006. Kwa makadirio ya watafiti wenyewe ni ongezeko la kama asilimia tano kwa mwaka, na sehemu yake ilitokana na dubu wahamiaji kutoka mabonde ya nje. Watu wa mjini wanaweza kuliona dogo. Mimi nikikumbuka mtoto 1.33 na miaka 5.7 naona karibu hakuna jike aliyeuawa katika muda wote huo. Isingewezekana vinginevyo.

Njia ya pili ya kuhakikisha hesabu ilikuwa kinyesi. Dubu ni mgumu kukamata na mkali akikamatwa, lakini kila rundo la mavi analoacha lina chembe za utumbo wake, na ndani ya chembe hizo mna DNA. Timu iliyoongozwa na Eva Bellemain, akiwemo Nawaz, ilichukua sampuli kutoka uwandani na kuzipeleka maabara. Ilitambua dubu 28 tofauti, na kwa kuunganisha na kazi ya uwandani ikakadiria kundi zima kuwa kati ya 40 na 50. Hesabu ya macho na hesabu ya vinasaba zikakutana. Vinasaba vilionyesha pia kwamba kundi limewahi kuwa kubwa zaidi sana kuliko lilivyo sasa, na kwamba halijajitenga: damu ya dubu wa upande wa India bado inaingia.

DNA hiyohiyo ndiyo iliyomaliza, kwangu mimi angalau, hadithi ya yeti. Mwaka 1951 mpanda milima Mwingereza Eric Shipton alipiga picha ya unyayo mkubwa kwenye theluji karibu na Everest, na dunia ikashikwa na homa ya mtu wa theluji. Misafara ilifadhiliwa, magazeti yakauzwa. Reinhold Messner, mtu wa kwanza kuvipanda vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000, baada ya miaka ya kuuliza na kutafuta alisema waziwazi kwamba yeti ni dubu. Mwaka 2014 mwanasayansi Bryan Sykes alipima nywele mbili, moja ya Ladakh na nyingine ya Bhutan, akadhani amekuta ukoo wa dubu wa kale wa ncha ya kaskazini. Wenzake walipokagua data ile waliona inamhusu dubu wa kahawia wa Himalaya. Kisha mwaka 2017 Charlotte Lindqvist wa Chuo Kikuu cha Buffalo na timu yake walichunguza sampuli tisa zilizotunzwa katika makumbusho, nyumba za watawa na mikusanyo ya watu binafsi, zote zikisemwa ni za yeti: mfupa, jino, ngozi, nywele, kinyesi. Moja ilikuwa ya mbwa. Nane zilikuwa za dubu.

Magazeti yaliishia hapo, na yalipoteza habari kubwa zaidi iliyokuwa katika utafiti uleule. Dubu wa Himalaya alijitenga na dubu wengine wote wa kahawia miaka 650,000 hivi iliyopita. Ni tawi la kwanza kuchipuka katika ukoo mzima, kabla ya matawi ya Ulaya, Siberia na Amerika. Barafu kubwa za zama zile zilimfungia milimani, na amebaki huko tangu wakati huo. Mtu anaweza kusema kwamba dubu wa kahawia duniani ni kama 200,000, zaidi ya nusu yao wakiwa Urusi, kwa hiyo hakuna haja ya hofu. Kwa jumla ni kweli, na jamii yenyewe haimo katika hatari. Lakini kundi la Himalaya limewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na likitoweka hatuwezi kuleta dubu wa Siberia akajaze pengo. Atakuwa mnyama mwingine, mwenye historia nyingine, asiyejua kuishi kwa nyasi na mamoti.

Afrika inajua pengo la namna hiyo linavyokuwa. Bara letu lilikuwa na dubu. Aliishi katika milima ya Atlas na mabonde yake, kutoka Morocco kupitia Algeria na Tunisia hadi Libya, na alikuwa dubu wa asili pekee wa Afrika katika zama hizi. Warumi walimkamata kwa wingi na kumsafirisha ng'ambo ya bahari kwenda kufa katika viwanja vya maonyesho. Misitu ikakatwa, bunduki zikaja. Katika miaka ya 1840 wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakijaribu kumwandika kwa masimulizi ya wawindaji na ngozi moja moja, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha. Waliobaki katika miaka yake ya mwisho walionekana na wafugaji hapa na pale, na bila shaka watu walisema bado wapo. Nadhani walikuwa sahihi kuhusu dubu waliowaona. Hakuna aliyeuliza kama kati yao kuna jike.

Deosai ya leo ina tatizo ambalo mwaka 1993 halikuwepo. Watalii wamekuwa wengi mno. Mwaka 2023 uwanja wa ndege wa Skardu ulipokea hata ndege kutoka Dubai, na magari ya jipu hupanda uwandani kwa misururu mwezi wa Julai na Agosti, wakati uleule ambao jike anatafuta mafuta ya kuamulia mimba. Mahema yamekuwa yakipigwa Bara Pani, kando ya mto, katikati ya nchi ya dubu. Mabaki ya wali na mifupa ya kuku yamekuwa yakitupwa nyuma ya mahema. Septemba 2025 mwimbaji mmoja mashuhuri wa Pakistan alishambuliwa na dubu usiku akiwa amelala hemani, akajeruhiwa mikono yote miwili. Habari ilienea kote, na kwa siku kadhaa dubu alizungumzwa kama jambazi. Namshukuru Mungu mwimbaji alipona. Lakini dubu aliyezoea chakula cha jalala huwa amefundishwa na watu, na akishauawa kwa kosa hilo, kama ni jike, adhabu yake inaangukia kundi zima. Mahema yaondolewe kwenye mabonde ya katikati, chakula kifungwe kwenye makasha ya chuma, taka zishushwe Skardu siku hiyohiyo. Hayo yanafanyika katika hifadhi nyingi za dubu duniani na hayahitaji fedha nyingi.

Joto nalo linapanda. Watafiti wa India waliochora ramani ya makazi ya dubu katika Himalaya ya magharibi walikadiria kwamba kufikia mwaka 2050 yanaweza kupungua kwa asilimia 73, kwa sababu ukanda wa majani utasogea juu na milima haiongezeki urefu. Mabonde ya hifadhi yaliyopo leo yanaweza kubaki na ulinzi wote lakini bila dubu, huku dubu wakiwa wamehamia mahali pasipo na ulinzi. Walipendekeza njia za kupitia zilindwe mapema, ili kundi moja lifikie jingine.

Katika Deosai njia hizo zinakutana na mpaka wa kijeshi. Mstari unaoitenganisha Kashmir ya Pakistan na ya India uko pembezoni mwa uwanda, na vita vya Kargil vya mwaka 1999 vilipiganwa mabonde ya jirani. Ng'ambo yake, kuelekea Drass na Zanskar, kuna dubu wa damu ileile, na huko wanalaumiwa kwa kuvunja mazizi ya kondoo usiku. Madume hutembea mbali na huvuka. Majike, kama ilivyo kwa dubu wa kahawia kote, huweka makazi karibu na mama zao, mara nyingi eneo la binti likigusana na la mama yake. Bonde lililomaliza majike wake hukaa tupu kwa miongo, hata madume wakipita humo kila kiangazi.

Pakistan nzima inakadiriwa kuwa na dubu wa kahawia kati ya 150 na 200, waliotawanyika katika makundi saba, na Deosai ndilo pekee lililoonekana kusimama imara. Mengine sita yatapata majike kutoka kwa jirani aliye nao wa ziada, au hayatapata kabisa. Binti wa Deosai akihamia ukingo wa nje wa eneo la mama yake, na binti yake naye akisogea bonde moja mbele, na wa tatu akisogea tena, kwa mwendo wa uzazi wao hiyo ni kazi ya miongo kadhaa. Mabonde hayo ya kati yanapaswa kuwa salama sasa, kabla hajafika wa kwanza.